Nyanya za Karoni: Mwongozo kwa Asiyetaka Kazi Nyingi

Nenda kwenye karo la nyumba yoyote ya uswahilini, pale maji ya vyombo yanapomwagwa, uchungulie. Si ajabu ukakuta mche wa nyanya umejiotea pembeni ya tofali. Hakuna aliyeupanda. Mbegu ilishuka na maji ya sufuria, au ilikuwamo kwenye nyanya iliyooza ikatupwa, ikalala pale mpaka siku yake ikafika. Hajatokea mtu wa kuutilia mbolea wala kuusimikia mti, na bado unazaa hadi matawi yanalala chini.

Wakulima huita mimea ya namna hiyo maotea. Mimi yalinitia aibu. Nilikuwa na ndoo sita uani, hapa Dar es Salaam, nikizihangaikia kila jioni kama mtu mwenye mgonjwa ndani: leo mbolea ya dukani, kesho dawa, keshokutwa maji mengi ya kufidia siku mbili nilizosahau. Nikaambulia nyanya zisizojaza bakuli. Wakati huohuo maotea matatu ya karoni yalikuwa yanatoa nyanya za mchuzi kila baada ya siku mbili, na mhudumu wake alikuwa ni sahani chafu.

Nikaketi kuyachunguza. Yaliota mvua za masika zilipokuwa zinakatika, si siku niliyopata mimi nafasi. Maji yaliyapata kidogo kidogo kila siku, asubuhi, mchana na usiku, kila chombo kilipooshwa. Udongo wake ulikuwa mweusi kwa majivu ya jiko na makombo yaliyooza zamani. Jua la asubuhi liliyapiga sawasawa, la alasiri likazuiwa na ukuta. Ukiyapata hayo manne, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Ninayokueleza hapa ni namna ya kuliiga karo kwa makusudi.

Subiri kipupwe

Kosa linalowamaliza watu wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa na hata Zanzibar ambako nyanya ni tungule, ni kupanda wakati wowote hamu inapowajia. Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, hujichavusha lenyewe. Lakini chavua yake haipatani na usiku wa joto. Joto la usiku likizidi takriban nyuzi 24, chavua hudhoofu, ua hukauka na kudondoka bila kushika tunda. Sasa fikiria Dar es Salaam ya Januari na Februari, usiku ambao hata shuka hulitaki. Mti utanawiri, utachanua, na usizae. Mwenye bustani akiona hivyo hukimbilia mbolea, na mbolea haishushi joto.

Julai na Agosti mambo hubadilika. Usiku hushuka hadi nyuzi 19 au 20, mvua zimekwisha, maua yanashika. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Sia mbegu mwanzoni mwa Mei, ukiweka kitalu chini ya upenu ili mvua zisikipige. Pandikiza mwanzoni mwa Juni. Maua utayaona Julai, na kisu chako kitakata nyanya ya kwanza mwishoni mwa Agosti. Utaendelea kuchuma hadi Oktoba.

Wa Lushoto, Arusha au Limuru hesabu yenu ni nyingine. Huko usiku wa joto si tatizo. Adui ni ubaridi wenye unyevu wa Juni na Julai unaoleta ugonjwa wa bakajani. Ninyi subirini ukungu upungue ndipo mpandikize.

Kuhusu pesa nisikudanganye. Nyanya zako zitaiva wakati ambao hata sokoni zimeshuka bei, malori ya kutoka Ilula yakiwa yanashusha matenga. Ukitaka faida, tafuta shamba. Faida ya ndoo za uani ni ile saa ya jioni ambapo kitunguu kimeshaingia kwenye mafuta, genge limefungwa, na wewe unatoka nje na kisahani.

Nunua miche, au nunua mbegu ya kawaida

Mvivu wa kweli hasii mbegu. Pita kwenye bustani za miche zilizo kando ya barabara, chagua mche wenye majani manne hadi sita, shina nene kama penseli au pungufu kidogo, urefu wa kiganja. Usivutiwe na mche mrefu uliokwisha kutoa maua ukiwa kwenye kifuko. Umezeeka ndani ya kifungo, hautakuja kuwa mti wa maana. Geuza majani utazame chini yake. Ukiona vidudu vyeupe vinaruka kama vumbi la unga, hao ni inzi weupe, warudishie wenyewe.

Ukipenda kusia, muulize muuza pembejeo nyanya fupi. Hili ni muhimu kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye pakiti. Nyanya ziko za aina mbili kwa tabia: ndefu, ambazo hupanda bila kikomo na zinahitaji kupogolewa kila wiki, mfano Money Maker, na fupi, ambazo hufika mahali zikasimama, zikazaa kwa mkupuo. Tanya na Cal J ni katika hizo fupi. Nyanya fupi hudai kamba tu na mti mmoja. Kuna pia Tengeru 97, iliyotolewa na watafiti wa pale Tengeru, Arusha, ambayo ganda lake ni gumu na haiharibiki upesi ikishachumwa.

Mbegu chotara, zile zenye alama ya F1, zina sifa zake, hasa kwa magonjwa, lakini ni ghali na ukitunza mbegu zake mwakani hazitazaa kama mama yao. Kwa ndoo nne au tano sioni sababu.

Sia kwenye kopo lolote lenye matundu, kina cha nusu sentimita, funika kwa nyasi kavu mpaka zichipue. Siku sita hadi kumi utaziona. Zikifikisha wiki nne ziko tayari.

Ndoo

Chombo kiwe cha lita 20, si pungufu. Ndoo ya rangi iliyooshwa ikatakata, dumu la mafuta lililokatwa kichwa, au kiroba; vyote sawa. Watu hupanda kwenye makopo ya lita tano kwa sababu yanapendeza dirishani, kisha wanajikuta watumwa wa kumwagilia mara tatu kwa siku. Ukubwa wa ndoo ndio unaokupunguzia kazi, maana udongo mwingi hukaa na maji muda mrefu. Ndoo moja, mche mmoja. Najua utashawishika kuweka miwili.

Pasha msumari kwenye jiko la mkaa utoboe matundu sita hivi chini na ubavuni, usawa wa vidole viwili kutoka kitakoni. Weka ndoo juu ya vipande vya tofali ili matundu yasizibe.

Udongo uchanganye hivi: makarai mawili ya udongo wa juu, karai moja la samadi iliyooza, karai moja la mchanga au maganda ya mpunga. Ongeza konzi moja ya majivu ya kuni kwa kila ndoo, isizidi. Samadi iliyooza utaijua kwa harufu: inanukia kama udongo baada ya mvua. Ikinuka zizi, iache miezi miwili mitatu. Ya kuku ni kali zaidi, nimeshaunguza miche yote kwa siku nne kwa samadi ya kuku niliyohakikishiwa kuwa "imekaa".

Ukishaweka hiyo samadi hutahitaji urea. Urea nyingi hukupa kichaka cha kupendeza chenye nyanya tatu. Mti ukishaanza kushika matunda, nyunyiza juu ya ndoo konzi mbili za samadi nyingine iliyooza, ufunike. Imetosha mpaka mwisho.

Siku ya kupandikiza, jioni, zika mche mpaka shina lifunikwe na majani ya juu tu yabaki nje. Mimea mingi ingeoza kwa kufanyiwa hivyo. Nyanya hufurahi, kwa sababu shina lake hutoa mizizi kila linapogusa udongo wenye unyevu. Siku hiyohiyo chomeka mti wa kuegemea, fito ya kama mita moja na nusu. Ukisubiri mti ukue ndipo uchomeke, utakuwa unakata mizizi. Funga kwa kipande cha kanga kuukuu kwa umbo la nane, kitanzi kimoja kwenye fito na kingine kwenye shina, kikiwa kimelegea.

Mahali pawe na jua kwa muda wa saa sita kwa uchache. Upande wa mashariki wa nyumba ni bora kuliko wote, kwani jua la asubuhi hukausha umande kwenye majani, na ukuta hukinga lile la saa tisa.

Maji, hapa ndipo pana kazi

Ndoo zangu za mwanzo hazikufa kwa kiu, na wala hazikufa kwa mafuriko. Zilikufa kwa kubadilishiwa. Siku mbili kavu, siku ya tatu bwawa. Nyanya ikinyweshwa namna hiyo hupasuka ganda, au huoza kitako: chini ya tunda panatokea duara jeusi, limebonyea, kavu kama ngozi. Wengi huuita ugonjwa na kuutafutia dawa. Hauna mdudu wala ukungu ndani yake. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo. Iliyokosekana ni maji ya kuibeba kila siku hadi kwenye tunda. Maganda ya mayai wanayokushauri kuyasaga hayana ubaya, ila huoza polepole sana kuliko msimu wako wa nyanya. Rekebisha maji, na matunda yanayofuata yatakuja mazima.

Mche mdogo unatosheka na nusu lita. Mti uliobeba matunda kwenye jua la pwani hunywa lita mbili hadi tatu kwa siku. Upe asubuhi, shinani, majani yasilowe. Kidole ndicho kipimo: kichomeke kwenye udongo hadi fundo la pili, kikitoka na unyevu, leo pumzika.

Kisha funika. Ukikumbuka jambo moja tu katika ukurasa huu, liwe matandazo. Nyasi kavu, majani ya mwembe, maganda ya mpunga, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Matandazo huzuia jua lisikaushe udongo, huzuia magugu, na huzuia matone ya maji yasirushe udongo wenye vimelea kwenye majani. Mwaka nilioanza kutandaza nilijikuta naweza kuruka siku moja bila mti kunilaumu.

Kwa anayesafiri mara kwa mara: chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa vitundu viwili vidogo kwenye kizibo, kata kitako, izike kichwa chini kando ya mche. Ijaze asubuhi, itavuja taratibu yenyewe.

Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi. Ardhini mvua huiosha. Kwenye ndoo chumvi hujilimbikiza hadi unaona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua. Kinga maji ya mvua. Kama nyumba ina kiyoyozi, ndoo iliyo chini ya bomba lake hujaa maji safi yasiyo na chumvi hata chembe, na watu huyaacha yakichimba shimo ukutani. Maji ya kusuuzia vyombo pia yanafaa, yale ya mwisho, si yale ya kwanza yenye povu na mafuta.

Kuacha kazi ambazo si kazi

Nyanya fupi usizipogoe. Kata tu majani ya chini yanayogusa udongo, basi. Kama ulichukua nyanya ndefu, kila wiki vunja kwa kidole machipukizi yanayotokea kwapani, kati ya jani na shina, yakiwa bado madogo, ubakishe shina moja au mawili. Maua yakitoka, pita asubuhi ukitikise kila kishada taratibu, kama unavyomgusa mtu bega. Upepo ukiwa mzuri hata hilo si lazima.

Wageni

Mgeni mkubwa ni kanitangaze. Ni kipepeo mdogo wa rangi ya kijivu, asili yake Amerika ya Kusini, kama ilivyo asili ya nyanya yenyewe. Aliingia Kenya na Tanzania mwaka 2014 na akawatia wakulima hasara kubwa. Jina walilompa linajieleza: nenda ukanitangaze. Kiwavi wake hula nyama ya jani katikati ya ngozi mbili, jani likabaki na mabaka ya kupenya mwanga, ndani kukiwa na vinyesi vyeusi. Baadaye hutoboa tunda karibu na kikonyo.

Mwenye shamba hana budi kupambana naye kwa dawa, na hata dawa nyingi ameshazizoea. Wewe mwenye ndoo tano una silaha asiyokuwa nayo mkulima: unaweza kutazama kila jani. Ukiona baka, chuma jani, litie kwenye mfuko wa plastiki, funga, acha juani siku mbili. Usilitupe chini, atatoka. Na kwa kuwa ua la nyanya halihitaji nyuki, unaweza kuvika mti mzima pazia jepesi la zamani, likishikiliwa na fito na kufungwa chini kwa kamba, kuanzia siku ya kwanza. Kwangu hilo ndilo lililomaliza ugomvi, na likawazuia kuku pia.

Vidukari wanaokusanyika kwenye ncha changa waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Majani ya mwarobaini, konzi nne zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha kwenye lita tano za maji kisha zikachujwa, yanapunguza wadudu wengi ukinyunyiza jioni kila wiki. Konokono watoe kwa mkono usiku, kwa tochi. Ukiamua kutumia dawa ya dukani, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uziheshimu, kwa maana atakayekula ni mwanao.

Magonjwa ni machache yakupasayo kuyajua. Bakajani huanza na madoa ya kahawia, mengine yenye duara ndani ya duara, au mabaka meusi yenye majimaji wakati wa baridi na mvua. Kata majani hayo, uchome, na usogeze ndoo chini ya upenu. Shamba halisogezeki, ndoo inasogezeka. Majani yakijikunja kwenda juu, yakawa ya njano na mti ukadumaa, hivyo ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe. Ng'oa. Havina dawa, na kila siku unayousubiria mti huo unaiambukiza miti mingine.

Kuna mnyauko wa kutisha zaidi: mti wa kijani kabisa unalala ghafla mchana, umemwagiliwa, na kesho hauamki. Kata shina, ning'iniza kipande chake ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko bakteria. Hapo mti na udongo wake vyote viondoke, na ndoo ioshwe kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe kabla ya kutumika tena.

Kuchuma

Siku 70 hadi 85 tangu kupandikiza, nyanya ya kwanza itaanza kugeuka rangi kitakoni. Chuma hapo hapo ikishaanza wekundu, uiweke juu ya meza. Itaiva yenyewe ndani ya siku tatu nne na ladha yake itabaki. Ukingoja iwe nyekundu kabisa juu ya mti, kuku wa jirani anaijua saa kuliko wewe. Usiiweke kwenye friji kabla haijaiva, baridi huua harufu yake na kuifanya ya ungaunga. Ndoo moja iliyopata maji bila kukatizwa hunipa kilo mbili, mwaka mzuri tatu. Kwa ndoo tano, mchuzi wa nyumba ya watu wanne unatosha wiki nyingi, kukiwa na ziada ya kumpelekea jirani aliyekuwa akikucheka Juni ulipokuwa unavisha miti mapazia.

Oktoba joto likirudi miti itachoka. Usiibembeleze. Ing'oe, na udongo wake usiurudishie nyanya mwakani, wala pilipili, biringanya au viazi mviringo, maana wote hao ni ukoo mmoja na hurithishana magonjwa. Ongeza samadi kidogo, sia mchicha au kunde.

Nyanya za mwisho, zile zilizopasuka au kudonolewa, usihangaike kuzikausha mbegu. Zitupe karoni.